Barua ya wazi kwa wakuu wa barabara wa kaunti mbili na halmashauri ya parishi yetu: zibeni shimo lote

KWA:
Mwenyekiti, Halmashauri ya Parishi yetu
Mkuu wa Idara ya Barabara, kaunti ya upande wetu
Mkuu wa Idara ya Barabara, kaunti ya upande wa pili wa barabara

YAH: BARABARA YA MPAKANI, MTARO WAKE, NA NJIA YA MIGUU INAYOKATIKIA KWENYE MPAKA

Waheshimiwa,

Salaam kwenu na poleni na majukumu.

Mimi ni mkazi wa parishi hii, huu mwaka wa sita. Nafanya kazi ya kea, yaani nazunguka na gari langu dogo nyumba hadi nyumba kuwaamsha wazee, kuwaosha, kuwapa dawa, kuwawekea chai na mkate mezani halafu naenda kwa mwingine. Zamu inaanza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo hii barabara ya mpakani naijua kwa giza kuliko kwa mwanga. Najua kona inapoanzia, najua wapi ua wa miti umeinamia barabarani, najua pa kupunguza mwendo hata kama kuna mtu nyuma ananiwashia taa.

Barua nne nimeshawaandikia kwa Kiingereza. Fomu ya kuripoti mashimo nimejaza mpaka simu inaijaza yenyewe. Kwenye kikao cha parishi nimesimama mara mbili zile dakika tatu wanazopewa wananchi, mkanisikiliza vizuri tu, mkaandika kwenye muhtasari, halafu kimya. Nikipiga simu kaunti hii naambiwa piga ile, nikipiga ile naambiwa rudi kule, yaani ni danadana mwaka wa pili sasa. Ndio maana leo naandika hadharani, na naandika kwa Kiswahili kwa sababu tunaopita hapo alfajiri wengi ni Waswahili, Watanzania, Wakenya, kuna dada mmoja wa Bujumbura, na kila mtu alikuwa anadhani tairi lake lilipasuka kwa bahati mbaya yake mwenyewe. Tafsiri ya Kiingereza nitawaletea mkononi.

(Ndugu mnaosoma mkiwa mbali, parishi ninayoisema hapa sio parokia ya kanisa. Zamani ilikuwa kitu kimoja, ila tangu sheria ya 1894 parishi za vijijini zina halmashauri zake za kiserikali, ngazi ya chini kabisa ya utawala England, karibu na serikali ya kijiji ya kwetu. Ziko zaidi ya 10,000. Juu yake huku kwetu kuna wilaya, juu ya wilaya kuna kaunti, na barabara ni za kaunti. Parishi yenyewe haina hata ndoo ya lami.)

Kwanza niseme tunaishi wapi, maana nahisi wengine mnaoamua mambo yetu mnatuona kwenye skrini tu. Kijiji kiko bondeni, udongo mfinyanzi mtupu, wakati wa kiangazi unapasuka na mvua ikija unavimba, na lami iliyo juu yake inafuata hivyo hivyo. Kaskazini mpaka unafuata kijito. Mashariki unafuata ua wa miti, na magharibi ndio hii barabara. Niliingia kwenye zile ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la serikali la kuchora ramani huku, Maktaba ya Taifa ya Scotland imeziweka mtandaoni bure kabisa, nikakuza mpaka wetu nikakuta herufi ndogo ndogo zimeandikwa kando ya ule mstari wa nukta. Kwenye kijito wameandika C.S., maana yake katikati ya kijito. Kwenye ua wa miti wameandika 4 ft R.H., yaani futi 4, kama mita 1.2, kutoka kwenye shina la ua. Na kwenye barabara yetu wameandika C.R., katikati ya barabara.

Hizo herufi mbili ndizo zinatutesa. Mpaka wa parishi, ambao pia ndio mpaka wa kaunti, unapita katikati ya lami. Nikienda kazini tairi za kushoto ziko kaunti moja na za kulia ziko nyingine.

Sasa malalamiko yangu ni haya.

1. Shimo lililozibwa nusu.

Februari mwaka huu, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, niliingia kwenye shimo lililojaa maji karibu na geti la shamba la pili. Sikuliona kwa sababu maji yalikuwa sawasawa na lami. Tairi la mbele likapasuka hapo hapo. Mtandao wa simu hauingii pale bondeni, ikabidi nitembee na tochi mpaka juu ndio nikapata mawasiliano ofisini. Bibi niliyekuwa namwendea ana miaka 91. Nilimfikia saa mbili na robo, nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, soksi moja ameshavaa, nyingine ameishika mkononi, shuka limelowa, na kitu cha kwanza aliniambia ni pole, alidhani nimeumia. Aliyekaa kwenye baridi na shuka la mkojo zaidi ya saa mbili ni yeye, na pole akanipa mimi.

Nikaripoti kote kuwili. Wiki tatu baadaye wakaja vijana wa lami wa kaunti moja, wakapuliza rangi nyeupe kuzunguka shimo, wakakata kwa msumeno kingo zikanyooka, wakaziba vizuri sana, mpaka katikati. Wakaishia hapo. Nilisimamisha gari nikashuka na futi yangu ya kushonea nguo nikapima, shimo lilikuwa na upana wa sentimita 70, wameziba 35. Upande wa pili kina kilikuwa sentimita 11. Nikamuuliza yule kijana, akanijibu kwa upole kabisa kwamba ana ramani kwenye tableti, na mstari ukiishia hapo na yeye kazi yake inaishia hapo. Simlaumu. Anafanya alichotumwa. Ila waheshimiwa, nyie mliomtuma, mlitegemea nini? Ile lami mpya haikumaliza mwezi, maana magari yanayodumbukia upande wa pili yanagonga ule ukingo kila siku, na maji yakapita chini yake yakaing'oa. Pesa ya wananchi imeingia pale na imeshasombwa na maji.

2. Mtaro na kalavati.

Chanzo cha hilo shimo ni maji. Pale chini kuna kalavati linapita chini ya barabara, mdomo wake uko kaunti moja na mkia wake uko nyingine. Mdomoni limejaa matope na majani, nimetumbukiza fimbo ya mwavuli haikufika popote. Kwa hiyo mvua ikinyesha maji yanapanda barabarani na kukaa. Yanaingia kwenye nyufa, usiku yakiganda yanatanuka, yanainua lami, mchana yanayeyuka yanaacha uwazi, lori la maziwa likipita juu lami inadidimia. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ufa wenyewe unaonekana kwa macho, kazi ya watu wawili na koleo siku moja.

3. Chumvi ya barafu.

Hii fupi. Lori la chumvi la kaunti yetu linageuzia kwenye njia panda kabla ya kufika mpakani, na la kaunti ya pili linageuzia upande wake. Katikati inabaki maili moja na robo hakuna aliyemwaga kitu. Siku mbili tofauti msimu uliopita nimeona gari mtaroni hapo. Sheria ya Barabara ya 1980, kifungu cha 41, iliongezewa maneno mwaka 2003 kwamba mamlaka ina wajibu wa kuhakikisha, kadiri inavyowezekana, watu wanapita salama bila kuhatarishwa na theluji au barafu. Nimeisoma yote, sijaona mahali imesema isipokuwa katikati ya mpaka.

4. Njia ya miguu inayokatika.

Kuna njia ya miguu ya umma inatoka kanisani, inapita malishoni, inafika kwenye ule ua wa miti wa mashariki ambako mpaka wa parishi ya jirani unapita, halafu inaisha. Hapo hapo, katikati ya shamba. Ukitazama ramani rasmi ya haki za njia unaona nukta zinakuja zinakuja halafu hamna, ng'ambo ni karatasi tupu. Nani alikuwa anatembea kutoka kanisani mpaka kwenye ua wa miti halafu anageuka kurudi nyumbani?

Nimeuliza wazee na nimesoma, na sababu inajulikana, ipo sehemu nyingi England. Sheria ya 1949 iliagiza njia zote ziandikwe kwenye ramani, na kazi ya kuzitembelea na kuziorodhesha miaka ya 1950 ikafanywa na parishi, kila moja kivyake. Parishi moja ikaandika, jirani ikasahau au ikaona haina haja. Mchoraji akaunganisha karatasi mbili na makosa yake yakawa sheria. Sasa mwenye shamba wa ng'ambo ameweka seng'enge na ana haki kwa mujibu wa ramani, na akinamama waliokuwa wanakatisha kwa miguu kwenda kituo cha basi wanatembea kwenye barabara ile ile ya mashimo, isiyo na njia ya watembea kwa miguu, gizani. Wawili kati yao ni kea wenzangu wasio na gari.

5. Nyumba za ukingoni.

Huko huko mashariki zimejengwa nyumba mpya kufuata mtaa uliokuwepo, mpaka wa parishi ukabaki palepale futi 4 kutoka kwenye ua ambao wenyewe ulishang'olewa. Matokeo yake kuna nyumba jiko liko parishi yetu na sebule iko parishi ya jirani. Wanalipa ushuru huku, watoto wanacheza kule, taka zao zilipoachwa hakuna aliyejua ampigie nani. Postikodi nayo haifuati mpaka wowote, ilichorwa kwa ajili ya njia za tarishi, anwani yao inaandikwa mji ulioko kaunti nyingine kabisa, na mtu akiwa amechanganyikiwa na simu ya dharura iko sikioni hicho sio kitu kidogo.

Najua mtakachonijibu kwa sababu mengine mmeshanijibu, kwa hiyo nianze nayo.

Mtasema mpaka ni wa zamani na haugusiki. Mimi siombi mpaka wa kaunti uhamishwe. Naomba barabara ihudumiwe. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo hiyo ya 1980 kinaruhusu mamlaka mbili za barabara kukubaliana mmoja afanye kazi za mwenzake. Mnaandikishana tu, huyu achukue kuanzia njia panda mpaka kalavati kwa upana wote, yule achukue kuanzia kalavati kwenda juu kwa upana wote, kila mtu ana kipande chake kizima. Na mfano uko wazi, Watling Street, barabara ya Warumi ambayo leo ni A5, kwa maili nyingi ndio mpaka wa Warwickshire na Leicestershire, na pale lami yote upande huu na upande ule inatunzwa na mtu mmoja, National Highways, shirika la serikali kuu la barabara kubwa. Sijasikia pale wakiziba shimo nusu.

Mtasema hamna hela. Najua hali ya halmashauri, tunaiona kwenye ratiba za wazee wetu wanaopunguziwa dakika. Lakini mmeshatuma kikosi, rangi, msumeno na lami kwa nusu ya shimo, na mtatuma tena. Mara mbili ya safari kwa kazi isiyokaa haiwezi kuwa rahisi kuliko safari moja.

Mtasema mtaro ni wa mwenye shamba. Mara nyingi ni kweli, mtaro wa pembeni ni wa mwenye ardhi. Ila kalavati liko chini ya barabara yenu, na kifungu cha 100 kinawapa uwezo wa kuchimba na kusafisha mitaro ili maji yatoke barabarani. Na mwenye shamba nimezungumza naye, mzee wa watu hana neno, anasema mtu yeyote akija na barua yenye jina la ofisi atafungua geti.

Mtasema barabara ni nyembamba, hapapanuliki, hakuna pa kupishana. Tembeeni muone. Kati ya ua na ua kuna nafasi kubwa ya majani, na ukiona hivyo ujue ni barabara za wakati mashamba ya pamoja yalipogawanywa, wagawaji wakawa wanapima upana kama futi 40 ili mikokoteni ikwepe matope. Kwa kawaida eneo la barabara linahesabiwa kutoka ua hadi ua. Nafasi ipo, imeota nyasi tu.

Mtasema wanaopita ni wachache. Wachache hao ni kea, manesi wa vijijini, tarishi, lori la maziwa, basi la shule. Wazee kumi na wanne ninaowajua mimi kwa majina wanategemea mtu apite hapo kabla jua halijachomoza.

Naomba niseme kitu kingine, kwa heshima kabisa. Kwetu Kilimanjaro mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, unawekwa kwa mimea ya masale. Ukiliona sale unajua hapa pangu panaishia na pa jirani panaanzia, na ng'ombe wako akilivuka unakwenda kuomba radhi. Lakini njia inayopita katikati ya vihamba ilikuwa na msaragambo, inapigwa mbiu, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na hakuna aliyelima nusu ya njia akaacha ya jirani. Nilipokuja hapa nilidhani hayo ni ya kwetu tu. Kumbe na nyie mlikuwa nayo. Sheria ya 1555 iliagiza kila parishi ichague wasimamizi wawili wa barabara na watu watoke siku 4 kwa mwaka kutengeneza, baadaye 1563 zikawa siku 6, na ikaendelea hivyo mpaka sheria ya 1835 ilipofuta. Na kila mwaka siku za kabla ya sikukuu ya Kupaa kwa Yesu wazee walikuwa wanauzunguka mpaka kwa miguu na fimbo, watoto wakigongwagongwa kwenye mawe ya mpaka ili wakumbuke hata wakizeeka. Ordnance Survey walipokuja kuchora, walitegemea wazee hao hao wawaonyeshe mpaka kwa kidole, ndio zile herufi zikaandikwa. Yaani ule mstari wa C.R. kuna mtu wa parishi hii alisimama matopeni akasema ni hapa. Barabara za vijijini zilikabidhiwa kaunti kwa sheria ya 1929. Tangu hapo mzee wa kuulizwa hayupo, kuna tableti.

Kwa hiyo ninachoomba, tena kwa maandishi:

Kwa wakuu wa barabara wa kaunti zote mbili: mje siku moja, wakati mmoja, wote wawili pamoja, mtembee hii maili na robo kwa miguu. Nitakuja nanyi, hata iwe siku yangu ya mapumziko. Kila mmoja aje na ile orodha ya barabara za kutunzwa kwa fedha za umma ambayo sheria inamtaka aiweke, tuone hii imeandikwa kwa nani. Baada ya hapo muandikishane makubaliano ya kifungu cha 8. Kalavati lisafishwe kabla ya Oktoba, kabla majani hayajaanguka tena. Na njia ya chumvi iunganishwe, lori moja lipite moja kwa moja.

Kwa Mwenyekiti wa parishi: uweke jambo hili kwenye ajenda kama hoja ya kuamuliwa, sio kama taarifa. Halmashauri iombe ramani ya njia za miguu irekebishwe, ushahidi wa waliokuwa wakipita upo, wengine wana miaka 80 na kitu na kumbukumbu zao haziwezi kusubiri foleni ya miaka kumi, basi angalau muwaandikishe maelezo yao sasa hivi. Kuhusu nyumba za ukingoni, mpaka kati ya parishi na parishi ndani ya wilaya moja unaweza kupitiwa upya kwa sheria ya 2007, na kwenye eneo lenye wapiga kura chini ya 500 sahihi za asilimia 37.5 ya wapiga kura hao zinatosha kuilazimisha wilaya ifanye mapitio na kuyamaliza ndani ya miezi 12. Ningependa parishi ndiyo iongoze. Isipoongoza tutazunguka wenyewe na karatasi, na mimi ni mmoja wa watakaosaini, maana raia wa Jumuiya ya Madola tunaoishi hapa kihalali tunapiga kura na jina langu limo kwenye daftari.

Nasubiri jibu mpaka mwisho wa mwezi ujao. Lisipokuja nitawapelekea, kila kaunti na yake, notisi ya kifungu cha 56 cha ile Sheria ya Barabara ya 1980 inayowataka mseme kama mnakubali kwamba barabara hii ni ya umma na ni yenu kuitunza. Mkishaipokea mna mwezi mmoja kujibu, na mkikana au mkikaa kimya suala linaweza kwenda mahakamani. Notisi zote mbili nimeshaziandaa, zimo kwenye droo ya jikoni pamoja na picha za lile shimo, na futi ya kushonea imewekwa juu yake ili namba zisomeke. Sitamani kufika huko. Gharama ni kubwa kwangu na muda ni wa wazee.

Leo asubuhi nimepita tena. Wakati naandika hii, maji yamesimama kuanzia kwenye geti la pili mpaka kwenye mti wa mwaloni, na lile shimo limerudi upana wake wote.

Wenu katika kulijenga eneo letu,

Mkazi wa parishi, kea wa zamu ya alfajiri

Nakala: diwani wa kaunti wa eneo letu, kea wenzangu wote wa njia hii